Afande na Mashine Zisizoitika

Afande hakuwa fundi, na ningependa hilo lieleweke mapema. Fundi ni mimi. Diploma yangu ya ufundi wa kompyuta imetundikwa ukutani juu ya kaunta, mahali ambapo mteja hawezi kuinua macho asiione. Niliipata Sharja, mchana nikibeba maboksi ghalani, jioni nikisoma, bila mjomba wa kunilipia ada wala mkubwa wa kunishika mkono. Niliporudi Kampala nilifungua duka chini ya kilima cha Lubaga, na duka hilo lipo mpaka leo, jambo ambalo wengi waliorudi pamoja nami hawawezi kulisema kuhusu maduka yao.

Yeye alikuwa sajenti mstaafu wa polisi. Jina lake nililijua, ila sikulitumia hata siku moja na sioni sababu ya kuanza leo. Kwa miaka kadhaa alikuja dukani na laptop za zamani, zile ambazo ofisi zimezichoka, akitaka ziwekewe Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Mwanzoni nilidhani anapenda mashine. Baadaye ndipo nikajua kwamba zile nyingi zilikuwa za mazoezi tu. Mashine aliyoijali ilikuwa moja, ya mwanamke mmoja, na kulikuwa na neno alilotakiwa kumwambia mwanamke huyo ambalo halikutaka kumtoka mdomoni.

Siandiki kwa huzuni. Ughaibuni nilijifunza kazi mbili, kutengeneza kompyuta na kutosikia mambo moyoni, na zote mbili nazimudu. Naandika kwa sababu nikikaa mbele ya skrini nyeusi, hata sasa, namwona amesimama upande wa kulia wa kaunta, na ni nafuu kumweka kwenye karatasi.

Alivaa sweta ya buluu hata jua likiwaka. Viatu vyake vyeusi vilipigwa rangi mpaka ukajiona. Mkoba hakuuning'iniza begani kama wanawake wengine. Aliubana kwapani kama kile kifimbo cha wakubwa wa gwaride. Akiingia dukani alikagua kwanza, ndipo akasalimia.

"Hii waya nalala njiani," alisema siku ya kwanza, kabla sijajua yeye ni nani. "Mutu ataanguka." Halafu akanitazama. "Wewe ndiyo Diploma?"

"Diploma ninayo, mama."

"Mimi hapana mama yako. Mimi Afande." Akafungua shuka ya mtoto aliyofungia mzigo na kutoa laptop nene yenye ufa pembeni. "Hii nakataa kuamuka. Nataka weka Linux."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kilichopita kwenye vituo vingi na kuacha viambishi njiani. Nyumbani kwetu tumezaliwa ndani ya lugha hii, wazee wetu walikuja nayo kutoka pwani, na siku hizo nilikuwa mwepesi wa kuwasahihisha watu. Yeye sikumsahihisha. Nilimwambia tu kwamba kwa mashine kama ile ningeweza kumwekea Windows, kama wateja wote wanavyotaka, na angeondoka chai yangu haijapoa.

"Hiyo Windows ulinunua wapi?"

Kila fundi wa barabara ile ana nakala yake kwenye flashi, na hakuna anayeuliza ilikotoka. Nilijipangusa mikono.

"Mali ya wizi," alisema, akajibu mwenyewe. "Mimi nakamata wezi mpaka nazeeka, leo nakuja kuvaa nguo yao?"

Basi ikawa Linux, ambayo haina mwenyewe wa kuibiwa na haizielemei mashine kongwe. Lakini usidhani alikuwa mtakatifu. Sijaona mtu aliyedanganya kwa utulivu kama yeye. Alizipata laptop zile kwa kupita ofisini. Ofisi moja aliiambia ni za yatima, nyingine akaiambia ni za kwaya ya kanisa lake, na kanisani alikuwa haendi. Aliyasema kwa sauti moja tu, kavu, ya kutoa ripoti. Nilimuuliza kama haoni vibaya.

"Hapana. Uongo ni maneno. Wizi ni kitu unabeba."

Hilo lilikuwa mojawapo ya mafundisho yake, na sijapata wa kunieleza kasoro yake iko wapi.

*

Wasiofanya kazi hii hawajui tabu ya laptop kongwe. Unachomeka flashi, unawasha, Linux inaanza kupanda, halafu katikati ya safari kila kitu kinasimama. Skrini nyeusi. Labda kistari kidogo kinapepesa pembeni, labda hata hicho hakipo. Haikuambii imeshindwa wala haikuombi chochote. Imeganda. Fundi yeyote hapo hubonyeza swichi na kuishikilia mpaka mashine izime, kisha anaanza upya na kujaribu jingine.

Afande hakuruhusu. Nilipopeleka kidole kwenye swichi, aliifunika kwa kiganja.

"Usiue."

"Haijafa, Afande. Imeganda."

"Mutu hajibu mara moja, wewe naua?"

Tukangoja. Aliagiza chai ya tangawizi kwa mama wa jirani, akainywa amesimama, macho kwenye skrini. Wateja wangu wakapanga foleni. Kwa elimu yangu naweza kusema kwamba mashine iliyoganda hivyo haijawahi kuamshwa na subira, na nilimwambia. Chai ilipokwisha alisema, "Sasa zima. Pole pole." Ikawa ndiyo kanuni: kila ikiganda, chai moja. Nilizoea, kama mtu anavyozoea jirani anayepiga ngoma.

Alikuwa na utani wake pia. Laptop hizo betri ndogo ya saa huwa imekufa, kwa hiyo kila zikiwashwa zinarudi kwenye mwaka wa zamani. Alipouona ule mwaka kwenye pembe ya skrini alicheka kwa pua.

"Hii nafikiri mimi bado niko kazini," alisema. "Usirekebishe. Iache na mushahara wangu."

Nilirekebisha. Saa mbovu huleta makosa mengine baadaye.

*

Kitu kilichomfanya awe Afande, kwangu mimi, kilitokea siku alipochoka na picha. Linux nyingi zinapowaka huonyesha alama nzuri inayozunguka, ili mtu asiogopeshwe na yanayoendelea nyuma. Mashine ilikuwa imegandia kwenye alama hiyo.

"Toa hiyo picha. Nani iko nyuma yake?"

Kwa bahati ndivyo fundi anavyotakiwa kufanya. Kwenye orodha inayokuja mwanzoni unabonyeza herufi e, unapata mstari wa maagizo, unafuta maneno yanayoficha mambo, kisha unaruhusu iendelee. Safari ile badala ya alama ikaja mistari myeupe, mmoja baada ya mwingine, mbio mbio. Nikamweleza kwamba kila mstari ni kiungo kimoja cha mashine kinaamshwa na kutoa taarifa: kumbukumbu, kibodi, betri, kamera, sauti.

Nilimwona akinyooka mgongo. Mkoba ukabanwa kwapani.

"Hii ni gwaride," alisema.

Kazini, kumbe, kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mwita majina. Alfajiri askari wanasimama mstari, yeye anaita, wao wanaitika. Alinieleza utaratibu huo mara nyingi, hata nisipouliza. Aliyepo anaitika mwenyewe. Asiyekuwepo kwa sababu, anaitikiwa na anayesimama jirani yake: "Hospitali, Afande." "Likizo, Afande." "Msibani, Afande." Hapo hakuna shida, anaandikwa hivyo, wanaendelea.

"Mbaya ni kimya," alisema. "Unaita, unangoja, hakuna mutu nasema kitu."

Tangu siku hiyo hakuona mashine inawaka bila kuita. Alisoma ile mistari kwa sauti, akiruka asiyoielewa. "Memori. Iko. Kibodi. Iko. Betri. Iko, lakini mugonjwa." Wateja walicheka. Wengine walikuja kumsikiliza tu, na baadhi yao walinunua chaja, kwa hiyo sikulalamika.

Na mashine ilipoganda, alikwenda kwenye mstari wa mwisho akauwekea kidole. "Huyu hapa. Kamera. Huyu ndiyo nakataa." Nilimwonyesha kwamba kuna maneno unaweza kuongeza kwenye ule mstari wa maagizo, ukaiambia mashine isimwamshe fulani leo. Hilo alilielewa kuliko nilivyotarajia. "Unampatia ruhusa," alisema. "Kama karatasi ya daktari." Akaipa kamera ruhusa. Mashine ikaganda. Akaipa sauti ruhusa. Ikaganda.

Alipeleka laptop ile chumbani kwake Makindye, pamoja na flashi yangu, na sikumwona kwa muda. Aliporudi ilikuwa mchana wa mvua, duka tupu.

"Nimepatia wote ruhusa," alisema. "Wote najua majina. Bado. Nani amebaki?"

Hapo ndipo nilipomweleza, na nilieleza vizuri, maana kueleza ni kipaji changu. Nilimwambia kosa lake ni la mtu wa gwaride. Kwenye gwaride jina linaitwa kwanza, kisha ndio kinakuja kimya, kwa hiyo jina la mwisho ndilo la aliyekosa. Mashine aghlabu huandika mtu akishaitika. Yule wa mwisho kwenye skrini ni wa mwisho kuitika, hana kosa lolote. Aliyenyamaza ni anayemfuata, na huyo hayumo kwenye skrini kabisa.

"Anayenyamaza haandikwi," alisema.

"Haandikwi, Afande. Ni lazima ujue nani alitakiwa kufuata."

Mimi nilijua, ila mpaka siku hiyo hakuwa ameniuliza. Kwa laptop za aina ile anayefuata ni kadi ya picha. Niliandika neno lake la ruhusa, nomodeset, linaloiambia mashine isiiamshe kadi hiyo na badala yake itumie picha ya kawaida. Mistari ikapita, ikapita, na Linux ikafunguka. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilioutumia kueleza.

Nilitarajia sifa. Afande alivuta kigoda cha wateja akakaa. Hakuwahi kukaa dukani kwangu kabla ya siku hiyo.

*

Aliyonieleza wakati ule wa mvua nitayaandika kwa ufupi, kama alivyoyasema.

Kwenye kituo kimoja cha mbali alikuja konstebo aliyehamishwa kutoka kwingine. Alikuwa mgeni bado, hajajulikana. Asubuhi moja Afande aliita majina, akafika kwake, kikawa kimya. Anayesimama jirani yake hakuwa anamfahamu, kwa hiyo hakuwa na la kumjibia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Afande akaandika kama kanuni ilivyotaka, mtoro, neno likapanda kwenda kwa wakubwa. Hakwenda kumtafuta. Hakumtuma mtu nyumba aliyopanga.

Konstebo alikuwa amegongwa na lori alfajiri ile, akija gwarideni kwa miguu. Alilala chumba cha maiti cha mji mwingine bila jina. Ilipojulikana, neno mtoro lilikuwa limeshafika juu na kukauka. Mke wa mtoro hahesabiwi mjane wa askari. Mkewe alikuwa Kampala na watoto, hakupata kitu, na juu ya hilo aliishi na fununu kwamba mumewe aliikimbia kazi, labda na mwanamke.

"Ulisema, lakini? Kwa wakubwa?"

"Nilisema mara moja. Sauti ya chini. Waliambia mimi mambo imekwisha." Alikuwa akiipangusa kaunta kwa kiganja, mahali ambapo palikuwa safi. "Nikasema ndiyo, Afande."

Alipostaafu alimtafuta yule mke. Hakuwa mbali: juu kidogo ya duka langu, kwenye baraza ya jengo, akiwa na meza na mwavuli, akiwachapia watu barua. Watu walimwita Nnalongo, jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Hakumjua Afande kwa sura, kwa sababu hakufika kwenye kile kituo. Afande alimwambia anatoka kikundi cha maombi kinachosaidia wanawake. Uongo mwingine.

"Na lile la kweli umemwambia?"

"Bado."

Mvua ilipungua. Nilijua ilifaa niseme jambo, na nililitafuta. Nikamwambia mteja anakuja kuchukua printa. Akainuka, akaichukua laptop iliyoamka.

"Hii ndiyo yake," alisema.

*

Meza ya baraza ni riziki ya kugombewa. Mwenye meza anachapa mikataba ya viwanja, maombi ya kazi, barua za shule, na akikosa mashine asubuhi moja mteja anahamia meza ya pili. Nnalongo alikuwa akikodi kompyuta kwa watu mpaka Afande alipomletea ile. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Nimesoma na watu wa mataifa mengi darasani na sikuona aliyemshinda kwa kuchapa.

Ila kadi ya picha ilikuwa bado mgonjwa, na mashine haikufunguka mpaka iandikiwe lile neno kila inapowashwa. Nilimwambia Afande tangu mwanzo kwamba kuna njia ya kuliweka la kudumu: unaliandika ndani ya faili moja, unatoa amri moja, mashine inakumbuka siku zote.

"Hapana," alisema. "Ruhusa haiwi ya maisha. Kila asubuhi naulizwa upya."

"Afande, hiki ni chuma."

"Kila asubuhi."

Kwa hiyo kila asubuhi alipanda bodaboda kutoka Makindye hadi Lubaga, akasimama karibu na meza ya Nnalongo, akaandika lile neno kwa kidole kimoja, akaita gwaride mpaka mashine ikafunguka, akaaga. Nilimwona mara nyingi nikifungua duka. Nnalongo angeweza kuliandika mwenyewe huku akizungumza na mtu mwingine. Alimwachia. "Ni kazi ya yule mama," aliniambia. "Mwache aifanye."

Nilielewa anachokifanya Afande. Alikuwa amejipa muda wa kila siku wa kusema, na kila siku muda ule uliishia mashine ilipofunguka.

Halafu zikaja mvua ndefu. Bodaboda za Makindye zilichelewa, Afande akachelewa, na ingawa Nnalongo alilijua neno la ruhusa, aliona si heshima kuligusa. Wateja wakaanza kumwacha. Jamaa mmoja mwenye printa alikuwa anaitamani ile nafasi, na msimamizi wa jengo alikwisha kumsikiliza. Nnalongo akashuka dukani na laptop ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ssebo, bwana fundi, Afande anasema wewe unaweza kuiponya kabisa."

"Alisema hivyo?"

"Alisema unaweza, lakini yeye hataki. Mimi nataka. Watu wangu wanaondoka."

Mwenye mashine ni yeye. Nililiweka neno la kudumu, nikaizima, nikaiwasha, ikapanda mpaka juu bila kuguswa. Kazi safi. Ningeifanya hivyo hivyo tena leo.

Kesho yake Afande alifika, sweta imelowa. Nnalongo ndiye aliyenisimulia. Alikuta skrini imefunguka, mkataba wa mtu umefika katikati. Kidole alikuwa ameshakinyoosha.

"Imepona?"

"Fundi ameitengeneza, Afande. Sasa utapumzika."

"Vizuri," alisema Afande. Akakirudisha kidole, akashuka ngazi, na kesho yake hakuja. Wala siku zilizofuata.

*

Nilidhani limekwisha. Nilikuwa na kazi nyingi, shule moja ilikuwa imenikabidhi darasa zima la kompyuta, mimi na si mwingine. Mvua zikaisha. Ndipo Nnalongo akashuka tena na ule mfuko.

"Ssebo, nirudishie ile shida."

Nilimwambia sikumwelewa.

"Ile ya zamani. Isiamke mpaka iandikiwe."

"Nnalongo, watu wanakuja kwangu kutengenezewa. Sikusoma kuharibu."

"Banange, jamani, wewe na kusoma kwako." Aliuweka mfuko juu ya kaunta. "Yule mama ana neno. Kila asubuhi nilikuwa naliona linamfika hapa," akagusa koo, "halafu mashine inafunguka, anaondoka nalo. Mimi nilikuwa nangoja. Sasa haji. Nani ataniambia?"

"Na wateja?"

"Wateja wataningoja kidogo. Jua linawaka siku hizi."

Mimi nililijua neno lenyewe. Nnalongo alikuwa amesimama mbele yangu, ningeweza kulitoa kwa sentensi moja, na nilihisi kama ninaisoma bei ya kitu kisicho changu. Halikuwa langu. Nilifungua lile faili, nikafuta, nikatoa amri, nikawasha. Mashine ikaganda mbele yetu, nyeusi kabisa. Nnalongo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepimiwa nguo ikamkaa.

Kilichobaki ni kumleta Afande, na simu zangu alikuwa hapokei. Jumamosi nikafunga duka mapema asubuhi, jambo ambalo silifanyi, nikaenda Makindye. Chumba chake kilikuwa mwisho wa mstari wa vyumba vya kupanga. Nilimkuta mlangoni, anapiga viatu rangi, ingawa hakuwa anakwenda popote. Alikuwa amekonda. Laptop zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, zimefunikwa ile shuka ya mtoto.

"Diploma."

"Afande. Mashine ya Nnalongo inakataa."

"Nilisikia imepona."

"Ilipona. Sasa haiitiki."

Mtu aliyezoea kudanganya hudanganywa kwa shida, na mimi nilikuwa nasema kweli, jambo ambalo nadhani lilimchanganya. Alivaa viatu. Akachukua sweta.

Barazani Nnalongo alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi, mikono mapajani. Mzee mmoja alikuwa kwenye benchi na karatasi za kiwanja, anangoja. Nilisimama karibu na nguzo.

Afande aliinama, akaizima mashine, akaiwasha. Alibonyeza e, akafuta maneno ya kuficha, lakini lile neno la ruhusa hakuliandika. Akaiachia. Mistari ikaja, naye akaita kwa sauti ndogo. Memori. Kibodi. Betri. Kamera. Sauti. Ikasimama.

"Nani haitiki, Afande?" aliuliza Nnalongo, kama walivyokuwa wakitaniana.

Afande alinyooka. Mkoba kwapani.

"Nnalongo. Ile kituo bwana yako alienda, mwita majina nilikuwa mimi." Alikuwa akitazama juu ya kichwa cha Nnalongo, kama wanavyotazama askari. "Niliita yeye. Kimya. Hakuna mutu alisema kitu. Mimi ndiyo niliandika mtoro. Hakuwa mtoro. Lori iligonga yeye njiani, nakuja kazini. Mimi sikuenda kutafuta."

Bodaboda zilipita chini. Mzee wa kiwanja alikunja karatasi zake, akazikunjua. Nnalongo aliweka kiganja juu ya kibodi na hakuna herufi iliyoandikwa, kwa sababu mashine ilikuwa imeganda.

"Muite," alisema.

"Nini?"

"Muite tena. Kama siku ile."

Sikuwahi kuisikia sauti ile dukani kwangu. Afande aliita namba, cheo, na jina la mwanamume, kwa sauti ya uwanjani, mpaka watu wa meza nyingine wakageuka na mlinzi wa jengo akatoka kuangalia. Namba hakuwa ameisahau.

Nnalongo alisimama. Mikono aliishusha ubavuni, na ilionekana hajui iwekwe vipi.

"Amekufa, Afande," alisema. "Alikuwa njiani, anakuja."

"Nimesikia," alisema Afande.

Wakabaki hivyo, wawili wamesimama na meza katikati. Kisha Afande aliizima mashine, pole pole, bila chai, akaiwasha, akaandika lile neno kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Mistari ikapita mpaka mwisho. Skrini ikafunguka.

Nnalongo alikaa. Alivuta kiti karibu, akamnyooshea yule mzee mkono ampe karatasi, akaanza kuchapa. Afande alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Kesho usichelewe, Afande," alisema Nnalongo, macho yakiwa kwenye skrini. "Watu wangu wanakuja mapema."